Mahali pa Kulilia Ndani ya Meli

Melini walimwita Ramani, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka tisa alikuwa mhudumu wa vyumba katika meli kubwa ya watalii, yenye sitaha kumi na tatu, mabwawa manne ya kuogelea na korido ndefu kiasi kwamba abiria wapya walipotea hata wakienda kunywa chai. Yeye hakupotea. Vyumba vyake vilikuwa kumi na saba, vyote sitaha ya sita, upande wa kushoto. Abiria walibadilika kila baada ya siku kumi. Yeye alibaki pale pale, akitandika vitanda vile vile.

Aliwaonea huruma watu waliosafiri mwanzo mpaka mwisho bila kujua nusu ya walichostahili. Basi huku akinyoosha shuka, aliwapenyezea maneno. "Kuta hizi ni chuma, mama. Ukiwa na sumaku utaning'iniza kofia, mkoba, chochote." Au: "Mezani vyakula viwili vikikuvutia, baba, agiza vyote viwili. Hakuna atakayekukodolea macho." Vidonge vya kichefuchefu vilikuwa mapokezi, ilikuwa ni kuomba tu. Na siku meli inapotia nanga na watu wote kumiminika mjini, mwenye akili alibaki, maana bwawa zima lilikuwa lake.

Lakini alichokijua kuliko wote ni sehemu tulivu. Maktaba wakati wa chakula cha mchana. Benchi nyuma ya bomba la moshi, ambako muziki wa bwawani haukufika. Na juu ya zote, sitaha ndogo ya mbele kabisa ya meli, iliyofikiwa kwa mlango mweupe wa chuma mwishoni mwa korido ya sitaha ya sita. Mlango ule haukuwa na maandishi yoyote. Kila abiria alidhani ni wa wafanyakazi, akageuka. Kumbe ulikuwa wazi kwa wote, ila siku za upepo mkali tu.

Hakuzijua sehemu hizo kwa utundu. Msimu wake wa kwanza, mama yake mzazi alifariki yeye akiwa katikati ya bahari, siku nne kutoka bandari ya karibu. Alipewa pole, akapewa na orodha ya vyumba vya siku ile. Chumbani kwake alilala na msusi wa saluni ya meli, kitanda juu ya kitanda, pazia katikati. Ukipiga chafya mwenzako anakuambia afya. Hapakuwa na mahali pa kulilia. Alilia ndani ya kabati la mashuka mpaka mtu akaja kuchukua taulo.

Aliyemwokoa ni baharia mmoja wa makamo aliyepaka rangi vyuma vya meli, ambaye wote walimwita Fundi Rangi. Alimkuta ngazini amevimba macho, hakumuuliza kitu. "Nifuate, dada," alisema, akampeleka sitaha ya mbele kwa ngazi nyembamba ya mabaharia. "Hapa upepo unakula sauti. Lia utakavyo." Kuanzia siku hiyo Ramani akawa mtu wa kutafuta pembe za kimya, na kila alipomwona abiria aliyeelemewa, alimwonyesha moja.

Katika mwaka wa tisa, zikiwa zimebaki wiki tatu mkataba wake uishe, waliingia wazee wawili chumba cha mwisho kwenye korido yake. Mume alikuwa mwendesha winchi bandarini, aliyestaafu zamani, mtu wa mabega mapana na viganja kama makasia. Akili yake ilikuwa imeanza kumtoroka. Mke alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya upole, na chini ya macho alikuwa na mifuko ya mtu asiyelala. Watoto wao ndio waliowapeleka safari ile, wakidhani wazazi watapumzika.

Hawakupumzika. Siku ya pili ukumbini, mzee alisimama katikati ya chakula akaanza kuwafokea wahudumu washushe mzigo polepole. Watu waligeuka. Meza ya jirani ilihama. Kesho yake Ramani alipoingia na mashuka, alimkuta yule mama amekaa ukingoni mwa kitanda, sahani za kifungua kinywa hazijaguswa.

"Mwanangu," alisema, "katika meli yote hii, hakuna mahali pasipo na macho ya watu?"

Ramani aliweka mashuka chini. "Papo, mama. Vaeni viatu."

Aliwafungulia mlango mweupe. Mzee alipotoka nje na kuona kamba nene, minyororo ya nanga na magurudumu ya kuvutia kamba, alisimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake. Alishika chuma, akakigonga kwa kidole. "Hii imepakwa rangi juu ya kutu," alisema. "Mvivu gani kafanya hivi?" Mke wake alicheka mpaka akafuta machozi, na Ramani alijiambia kimoyomoyo kwamba Fundi Rangi asingependa kuyasikia hayo.

Mzee alimgeukia Ramani. "Karani, umeandika?"

"Nimeandika, mzee."

"Basi endelea na kazi."

Tangu hapo akawa karani. Asubuhi ya pili walikuta mashine ya kuoshea mazulia imeziba korido nzima. Mke alisema warudi tu, lakini Ramani alishaiona furaha kwenye uso wa mzee na hakutaka kuikata. Aliangalia kushoto na kulia, akafungua mlango wa wafanyakazi, wakapanda ngazi ya mabaharia. "Leo tu, mama. Tusionekane," alinong'ona. Abiria hawakuruhusiwa kabisa kwenye ngazi ile. Mzee aliikwea kwa wepesi wa kijana, mkono juu ya mkono, kwa sababu mwili wake ulikumbuka ngazi ya winchi hata kichwa kilipokuwa kimesahau. Asubuhi ya tatu mlango mweupe ulikuwa huru, lakini mzee mwenyewe aligoma. Alitaka ngazi. Wakapita tena ngazini.

Siku ya nne ya matembezi hayo bahari ilichafuka. Nahodha alitangaza kwamba sitaha ya mbele imefungwa, na mlango mweupe ukatiwa komeo. Mchana, baada ya chakula, Ramani alikuwa akikunja taulo mama yule alipotokea koridoni mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Nilisinzia tu. Nilisinzia kidogo tu. Hayupo!"

Ukutani palikuwa na simu ya dharura. Tarakimu tatu tu, na watu wa usalama wangekuwa pale ndani ya dakika mbili. Ramani alishika mkono wa simu. Kisha akawaza: nikipiga, wataniuliza nimejuaje alipo. Akamwaza binti yake wa miaka kumi na tano, anayelelewa na dada yake huko nyumbani. Akauwaza mkataba. Akaurudisha mkono wa simu mahali pake.

"Kaa hapa, mama. Najua alipo. Namleta."

Alikimbia. Mlango wa ngazi ya mabaharia ulikuwa umerudishwa tu bila kufungwa. Alipochomoza juu, upepo nusura umng'oe. Mzee alikuwa ameanguka kati ya gurudumu la kamba na ukingo, amelowa chapachapa, mguu wa kulia umekaa vibaya.

"Karani," alisema, midomo ikimtetemeka, "wameondoka wote."

"Mimi nipo, mzee. Nishike shingo."

Alijaribu kumwinua, akashindwa. Akamshika kwapani, akamvuta kuelekea ngazini, na mzee akapiga ukelele ambao hata upepo ule haukuumeza. Hapo ndipo Ramani alipotambua alichokuwa akifanya. Alimwacha, akamfunika koti lake la kazi, akarudi mbio kwenye simu. Kutoka alipoigusa mara ya kwanza mpaka alipoipiga zilipita dakika kumi na mbili.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika na kuhama. Daktari wa meli alisema huenda ulihama alipoanguka, au huenda baadaye, hawezi kuapa. Hakujua kwamba mtu alimvuta. Kesho yake mzee alishushwa kwa machela bandari iliyofuata, mke wake pembeni akiwa na begi moja. Ramani alimpa karatasi yenye namba yake ya simu. Yule mama aliipokea bila kumtazama.

Kabla ya kushuka, mama alihojiwa. Aliulizwa mume wake aliijuaje ngazi ile. Alijibu kwamba hajui, wagonjwa wa namna hiyo hufungua kila mlango. Alimkinga Ramani bila kuombwa, naye Ramani alipoulizwa alisema tu kwamba aliuona mlango wa ngazi umeachwa wazi. Hivyo lawama ikatua kwa aliyeuacha mlango wazi, naye alikuwa Fundi Rangi. Siku ile ya upepo alikuwa akihamisha makopo ya rangi, mikono imejaa, akausukuma mlango kwa kisigino bila kufunga. Alikuwa amebakiza miezi sita kustaafu. Habari zilienea kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi kwamba atarudishwa kwao.

Ramani hakula siku ile. Msusi alimuuliza kama anaumwa, akasema ni tumbo. Usiku wa kuamkia siku ya pili hakufumba jicho, na asubuhi alipoingia chumba cha mwisho kukisafisha, alikuta soksi moja ya mzee chini ya kitanda. Aliikunja. Akaiweka mfukoni, akaenda moja kwa moja ofisi ya msimamizi wa usalama, chumba kisicho na dirisha chenye meza iliyopigiliwa sakafuni.

"Mimi ndiye niliyempitisha ngazi ile," alisema kabla hajakaribishwa kiti. "Mara mbili. Alijifunza kwangu."

Msimamizi alivua miwani. "Mama mwenyewe kasema hajui."

"Alinificha. Na kuna jingine. Nilijua yuko wapi, nikaenda peke yangu kwanza. Nilimvuta."

"Ulimvuta?"

"Nilidhani nitamrudisha chumbani kabla hamjajua."

Msimamizi aliirudisha miwani usoni. Hakuwa mtu mbaya, na labda ndiyo maana maneno yake yaliuma. "Miaka tisa hakuna aliyekulalamikia hata kwa mto," alisema. "Ungepiga simu papo hapo, ningekugombeza, yakaisha."

Fundi Rangi alipewa barua ya onyo, akabaki kazini. Ramani aliandikiwa kwamba mkataba ukiisha hautarudiwa. Siku zile zilizobaki Fundi Rangi hakumsemesha. Walipishana kwenye korido za chini kama watu wasiojuana, na Ramani hakujua kama amekasirika kwa sababu aliwaonyesha abiria ngazi ile, au kwa siku mbili alizomwacha abebe mzigo peke yake. Siku ya kushuka, alimkuta mlangoni pa chumba chake. Fundi alichukua sanduku la Ramani, akalibeba mpaka chini ya daraja la kushukia, akalitua, akageuka kurudi melini.

"Fundi!" Ramani alimwita.

Alisimama bila kugeuka. "Ungeniambia siku ile ile, dada," alisema, kisha akapanda.

Nyumbani alifikia kwa dada yake, akapata kazi ya kufua kwenye hospitali, mashuka tena. Binti yake alikuwa mrefu kumshinda na mwenye adabu zote, na adabu hizo ndizo zilizomchoma. Alimwamkia kama mgeni anayeheshimika. Akitaka ruhusa ya kutoka, alikwenda kwa mama yake mkubwa, halafu akakumbuka, akaja kwa mama yake akiwa ameshajibiwa. "Mpe muda," dada yake alimwambia. "Miaka tisa kwa miaka tisa?" Ramani aliuliza, wakacheka, ila si sana.

Mwezi wa saba tangu arudi, simu iliita akiwa kazini, mashine zinanguruma. Alitoka nje kwenye kamba za kuanikia. Aliitambua sauti mara moja.

"Mume wangu ametangulia, mwanangu. Wiki tatu sasa. Hakutembea tena baada ya safari ile."

Ramani alishika kamba. Aliomba msamaha, akaeleza yote, simu aliyoishika na kuiacha, alivyomvuta, mlio ule. Yule mama alimwacha amalize.

"Nilijua habari za simu," alisema. "Nilikuwa nimesimama pale pale koridoni, nilikuona ukiirudisha. Na mimi pia sikuipiga. Nilikuamini, nikasubiri."

Mbali kidogo mtu alikuwa akipigapiga godoro.

"Sikiliza. Zile asubuhi tatu alikuwa mume wangu. Aliniambia mambo ya ujana wetu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau. Zipo siku nakushukuru. Na zipo siku naamka nikikulaumu mpaka kifua kinaniuma. Nimepiga nikuambie yote mawili, kwa sababu watoto wangu wanataka niseme moja tu."

"Sema yote, mama."

"Nimeshasema." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka mazungumzo yasiishe haraka, "Una watoto?"

"Ninaye mmoja. Wa kike."

"Yuko nawe?"

Ramani alitazama saa. Shule zilikuwa zinakaribia kutoka, na siku hiyo kwa mara ya kwanza binti alikuwa amemtumia ujumbe mwenyewe, si kupitia kwa mama yake mkubwa, akisema mkoba wake umekatika mkanda na ana vitabu vingi, kama mama anaweza kumpitia.

"Ndiyo kwanza tunazoeana," alijibu.

"Basi usimcheleweshe," alisema mama yule, na wakaagana. Ramani alirudi ndani kuomba ruhusa ya saa moja. Msimamizi wa ufuaji alinung'unika, akatazama macho yake mekundu, akamruhusu.