Beberu wa Harusi na Gari Jeusi la Adeer Bashir

Aibu hii ningeweza kufa nayo kimya kimya, lakini juzi sokoni mtoto wa kidato cha kwanza, ambaye hata simfundishi, alinipita akalia "meee!" na wenzake wakaangua kicheko, nikaona heri nieleze mwenyewe kuliko kuendelea kuelezewa na mji mzima wa Garissa.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mtu wa Nakuru, na nimepanga chumba katika ua wa Mzee Abdullahi mwaka wa saba sasa. Siku ya aibu yenyewe binti yake Ifrah alikuwa anaolewa, na mdogo wake Mzee, ambaye sote tunamwita Adeer Bashir, yaani baba mdogo, alikuwa ameshuka jana yake kutoka Elwak na gari lake kubwa jeusi, ndilo lingembeba bi harusi. Kwa vumbi la njiani gari lilikuwa jekundu kuliko jeusi. Jioni ile alipofika, Adeer akasema atalipeleka kwa vijana wa kuosha magari pale barabarani, na hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza.

"Adeer, usithubutu," nikamwambia. "Wale watapangusa mchanga kwa kitambaa kikavu, na gari jeusi halisamehe. Niachie mimi. Baba yangu alikuwa dereva wa bwana mkubwa, nimelelewa na ndoo mkononi."

Adeer, ambaye kila "p" kinywani mwake hugeuka "b", akaweka kiganja juu ya boneti. "Mwalimu, hii gari mimi nabenda kama mtoto. Ikibata alama moja tu?"

"Nikatwe kidole," nikasema (kidole ninacho, lakini hayo tutayafikia).

Basi asubuhi, wanawake wakiwa wamekwenda kupikia ua wa jirani na Adeer kaenda kuamkia jamaa, nikaanza kazi, na jamani, kazi nilifanya! Maji ya mto niliyaweka usiku kucha na shabu hadi tope likatulia chini, kwa sababu maji ya kisima yana chumvi, yakikauka yanaacha madoa meupe. Sikugusa gari kwa mkono kabla ya kulimwagia maji mengi mchanga uteremke wenyewe. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sifongo, kutoka paa kwenda chini, na sifongo ikianguka mchangani haiokotwi tena, inachukuliwa nyingine. Kukausha, husugui, unalaza taulo laini juu ya maji na kulivuta taratibu. Kisha nta, kidogo kidogo, kwa mizunguko.

Shida ilikuwa moja tu, kivuli. Gari jeusi halioshwi juani, sabuni inakaukia juu yake, na kivuli pekee cha ua ule kilikuwa kimekaliwa na beberu mweupe, mkubwa, wa mwisho kati ya wanyama wa harusi, akingoja kuchinjwa kwa ajili ya sahani ya wazee. Nikamfungua, nikamfunga kwenye nguzo ya lango, fundo nililolijua mimi, mtu ambaye hajawahi kuchunga hata kuku.

Nilipomaliza, gari lilikuwa kioo. Niliona meno yangu mlangoni. Nikakimbilia chumbani kuchukua simu nipige picha, niwatumie ndugu zangu wa Nakuru wanaodhani huku tunaishi kwa vumbi tu, na kabla sijaiona simu nikasikia kishindo. Halafu cha pili.

Nilitoka mbio. Beberu kafungua fundo langu bila taabu, kaja kurudi kivulini kwake, na katika mlango wa nyuma wa kushoto kamkuta beberu mwenzake, mweupe, mkubwa, anamkodolea macho ya dharau. (Na mimi ndiye ninayefundisha mada ya vioo! Nimeifundisha mara kumi na nne!) Nilimwona akirudi nyuma, akasimama kwa miguu miwili, akashuka na pembe zake zote. Kishindo cha tatu.

Mlango ulikuwa umebonyea, shimo la kutosha sinia ya chai, na kuufungua haukufunguka tena.

Mtu mwenye akili angekwenda kusema. Mimi nilikwenda kuchukua maua na kitambaa cha dhahabu vya kupambia gari, nikavibandika vyote kwenye mlango ule mmoja, nikamrudisha beberu kwa heshima zote, mchinjaji akaja akamchukua. Adeer aliporudi akalizunguka gari akisema mashallah, mashallah, akauliza mbona maua yako upande mmoja. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa Nairobi. Na bi harusi apandie upande wa kulia, huku nta haijakauka.

Alifurahi hata akasema nikae mbele, kando yake. Msafara ukazunguka mji, honi, vigelegele, watu wanapunga mikono, na mimi pale mbele natoka jasho kama niliyeiba sadaka.

Tukafika kwa bwana harusi. Wanawake wamejipanga upande wa kushoto na maziwa na manukato, bwana harusi Yusuf katabasamu, akashika mlango. Ule ule. Akavuta. Akavuta tena, akaweka mguu kwenye gurudumu, akavuta kwa nguvu za mtu aliyengoja mkewe miaka miwili, akaanguka chali na kitambaa cha dhahabu mkononi. Vigelegele vikakatika.

Adeer Bashir akashuka, akalitazama shimo. "Mwalimu. Nani amegonga gari yangu?"

"Beberu, Adeer."

"Beberu ya nani?"

"Ya... ya harusi."

"Iko wabi sasa?"

Nikanyoosha kidole kwenye sufuria za pilau zilizotangulia kutoka kwetu. Akageuka, akaziangalia, akasema polepole, "Subhanallah. Mshitakiwa amebikwa."

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Ifrah akateremkia upande wa pili, akapokewa vizuri, na wazee wakaketi pale pale hemani na chai yao kuamua shauri. Huku swali la kwanza si nani kakosa, ni watu wake ni nani, maana mtu akiharibu, ukoo wake ndio unaolipa.

"Huyu mwalimu ni ya nani?" mmoja akauliza.

Watu wangu wako Nakuru. Miaka saba nilidhani ni mwenyeji, na kwa swali moja nikawa mpangaji tu aliyeharibu harusi. Niliumia, sitaficha, niliumia kuliko kwa lile shimo.

Ndipo Mzee Abdullahi akasimama, kanzu yake mpya, baba wa bi harusi. "Huyu ni yangu. Amekula kwangu miaka saba. Kosa yake ni kosa yetu."

Adeer akatoa macho. "Abdullahi! Mimi na wewe si baba moja? Kama kosa ni yetu, mimi nalibwa na nani?"

"Na wewe mwenyewe," wakajibu wazee kwa pamoja, na hema likalipuka. Adeer mwenyewe alicheka hadi akashika mbavu, akanivuta shingo akanibusu kichwani, akanitia tonge la pilau mdomoni, na mimi nikalia mbele za watu wote, kinywa kimejaa.

Tangu hapo nimeapa kwamba siling'arishi gari penye mnyama mwenye pembe, na nikiharibu kitu nasema siku ile ile. Ila kuwa mtu wa watu si bure. Mwezi uliopita mpwa wetu mmoja kule Tarbaj aligonga ngamia wa watu kwa pikipiki, Mzee akanipigia simu. "Mwalimu, tunachanga. Na wewe iko ndani." Nikaenda mnadani, nikachagua mbuzi mnene kuliko wote, nikamburuta hadi uani kifua mbele, na sijawahi kulipia kosa lisilo langu kwa furaha namna ile.