Sauti Niliyoipoteza Beni

Mkisikia watu wa Beni wakilicheka jina langu, msiwaulize wao, niulizeni mimi, maana aibu ile ni yangu na nimechoka kuisikia midomoni mwa wengine. Hapa Butembo walisema Paluku hatatengeneza kitu cha maana, ataishia kuuza chaja barabarani. Nikaenda Kampala, nikajisomesha kwa kubeba mizigo, nikarudi na diploma (iko ukutani, njooni muione) na mashine ndogo ya kurekodi sauti, ambayo mfumo wake wa kupanga mafaili kwenye chipu ya flashi niliubuni mwenyewe.

Binamu yangu Masika wa Beni alipofiwa na mama yake, nilimwambia simu yake mbovu itaiua sauti ya marehemu, ile aliyoirekodi humo mama akiomba. Nikaihamishia kwenye mashine yangu, kisha nikaifuta kwenye simu, ili aone nilivyo na uhakika.

"Yaya, iko moja tu," alisema, akiniita kaka kwa kicheko cha wasiwasi. "Unajua muzuri vile unafanya?"

"Mimi niko na diploma, Masika."

Siku ya kumaliza matanga, uwanja ulinyamaza tumsikie mama akituombea. Nikaunganisha mashine na jenereta, na hapo nikaamua jambo dogo tu, nirekodi pia umati huku sauti ikicheza, wajue mimi ni nani. Sasa, flashi haikubali kuandikwa juu ya maandishi ya zamani, lazima kwanza ufute kipande kizima, kwa hiyo fundi mwenye akili huandika orodha mpya ya mafaili mahali pengine, ndipo afute ile ya zamani. Mimi (kwa kubana nafasi) nilikuwa nafuta kwanza, naandika baadaye, palepale, kila rekodi mpya ilipoongezeka. Mama akaanza, "Bwana Mungu wetu," na jenereta ikazimika katikati ya kufuta. Ilipowaka, mashine ilisema haina kitu.

"Eh, mudiplomé," mjomba mmoja akaita, "mama amenyamaza, ao ni weye umemunyamazisha?"

Watu walicheka. Masika hakucheka.

Nilirudi Butembo, nikaichimba ile chipu wiki nzima. Sauti ilikuwemo, lakini vipande vipande, bila orodha ya kuonyesha kipi kinafuata kipi. Nikampelekea Masika nilichookoa: "amina" moja, mlio wa mfuniko wa sufuria, kikohozi. Alisikiliza ameinama.

"Ni yeye," alisema. "Rudilia pale anakohoa."

Nikarudilia, akaomba tena, nikarudilia. Tangu hapo sifuti cha mtu, hata kikohozi, kabla hakijakaa salama mahali pengine.