Muuza Nyanya Asiyeita Wateja

Baada ya kuanguka na bodaboda kule Msalato, kichwa changu kilishonwa vizuri, ila vitu vikawa vinavuja humo ndani. Nilisahau ufunguo mlangoni. Nikamfungia mteja zabibu zake, akashukuru, nikamfungia tena. Hakunikumbusha. Mtu wa watu, lakini zabibu ni zabibu.

Binti yangu, mfanyakazi wa ofisini Mtumba, alipopata habari akatoa hukumu.

"Mama, meza ya sokoni basi. Kaa nyumbani upumzike."

Mimi nikae niangaliane na kuku? Tukapatana: niende hospitali nikapimwe umakini. Nikishindwa, meza naifunga.

Nilidhani nitaulizwa leo ni siku gani, na njiani nilikuwa nimeikariri. Kumbe kijana mtaalamu, mtu wa Kondoa kwa lafudhi yake, alikuwa na miwani minene kuliko ya fundi wa kuchomelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Ukivaa hii utajiona uko sokoni. Chukua nyanya sita, vitunguu viwili na sabuni. Kelele zikija, zipuuze."

Akanipa na vishikio viwili. Ukibonyeza, mkono wa humo ndani unashika. Kweli, nikawa sokoni. Turubai, mafungu ya nyanya, mama mmoja wa kitenge nyuma ya meza. Hakukuwa na inzi hata mmoja, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Kibao kilionyesha bei. Mimi bei ya kibao naichukulia kama salamu, mazungumzo yanafuata. Nikamtajia nusu yake. Akatabasamu. Nikaongeza kidogo. Tabasamu lilelile. Nikajisemea, huyu mkomavu. Basi nikafanya kama kila mnunuzi wa kwetu: nikarudisha nyanya, nikaondoka polepole, mgongo kwake, masikio nyuma. Anayetaka kuuza atakuita tu. Nikatembea mpaka nikagonga pazia la hospitali, nikasimama hapo.

Hakuniita.

Kijana alinivua miwani. Kompyuta ilikuwa imeshaandika kwamba nimeiacha kazi katikati na kwenda pasipohusika. Binti yangu, aliyekuwa amenisindikiza, akainamia simu yake, na simu yenyewe ilikuwa imezimwa.

"Mama, ulikuwa unakwenda wapi?" kijana akauliza.

"Popote siendi. Namsubiri aniite."

Kijana akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Mama yangu naye ni hivyohivyo. Anaweza kufika mpaka stendi."

"Na wanamwita?"

"Wanamwita."

"Basi huyu wako hajui biashara."

Akanirudisha ndani, safari hii akisisitiza kwamba kila kitu kimeshalipiwa. Nikachukua nyanya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pikipiki ikapiga honi sikioni. Nikapotea. Nyanya nimeishika na sijui ni ya ngapi.

Hapo sikuona la kuchekesha. Maisha yangu yote nahesabu mara mbili ili mtu asinipunje. Siku ile ilibidi nijikague mwenyewe. Nikazirudisha zote, nikaanza upya, midomo ikitembea kama ya mtoto wa chekechea. Zikatimia. Vitunguu, sabuni, nikatoka jasho likinitiririka.

"Kelele zikizidi, umakini wako unakatika," kijana alisema, akituangalia wote wawili. "Lakini unagundua kwamba umekatika, na unarudi mwenyewe. Sokoni unaweza, mama. Ila usikae penye makelele, wala usihudumie watu wawili kwa mpigo. Na urudi tupime tena."

Meza yangu iko ubavuni mwa kijiwe cha bodaboda. Tulipofika kwenye uwanja wa hospitali, binti yangu akanigeukia.

"Siku mbili kwa wiki," akaanza.

"Sita. Jumapili nipo kanisani."

"Mbili, mama. Na meza inahamia kule kwa wauza mchele."

"Meza nahamisha. Siku tano."

"Tatu, na mimi sina la kuongeza."

Nikaweka mkoba begani, nikaelekea getini. Polepole, mgongo kwake, masikio nyuma. Nikampita muuza maji, nikamsalimia mlinzi. Kimya. Nikaanza kuingiwa na hofu kwamba mtoto niliyemlea mwenyewe naye ametoka kwenye ile miwani.

"Mama! Haya, nne! Rudi basi, gari liko huku."