Nilimpeleka mama mkwe kuona korongo kisiwani, nikaishia kumshika kichwa

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo. Leo sina chai ya kuwanywesha. Haya yamenipata mwenyewe na boti nzima ilishuhudia.

Mimi ni fundi simu hapa Arua, nakaa Ediofe. Mke wangu Kiden ni wa Midia, kule Koboko. Alipojifungua, mama yake akaja kutusaidia kulea mtoto.

Sasa, kwa wasiojua mambo ya huku kwetu: mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humshiki mkono, huli naye sahani moja, akipita unampisha. Nyumbani kwangu mwenyewe nilikuwa nakula nje kwenye benchi kama mlinzi.

Na sikulalamika, maana yule mama alitubeba kwelikweli. Mtoto akikohoa tu, yeye yuko macho.

Macho yenyewe ndiyo shida. Jicho moja limeshazima, la pili linaona kwa pembeni tu, tena kwa ukungu.

Siku moja nikamsikia akimsimulia Kiden kwamba alipokuwa msichana, korongo weupe walikuwa wanatua Midia mvua zikikaribia, shamba zima linakuwa jeupe. Siku hizi hawaoni. Akasema labda wameisha, watu wamewamaliza.

Wakuu, iliniuma. Hawajaisha! Kila mwaka wanafuata Nile wakirudi Ulaya, baridi ya huko ikipungua. Kuna kijana anaitwa Candia, upande wa Rhino Camp, msimu huo ukifika anapeleka watu kwa boti hadi kisiwa kimoja cha mtoni wanakopumzika hao ndege.

Mama alikuwa anarudi kwao wiki ileile. Nikaapa haondoki bila kuwaona.

Kiden akabaki na mtoto. Hapo ndipo nilipokosea hesabu, kwa sababu nani sasa atamshika mama mkono?

Bahati nzuri tulikuta dada wawili, walimu kutoka Kampala, na makamera yao makubwa. Wakampandisha mama, wakamkalisha katikati. Mimi huyo, mbio hadi mbele kabisa ya boti.

Boti ikainama. Candia akaniangalia, akasema mimi ni mzito, nirudi katikati.

Katikati ni wapi? Ubavuni kwa mama mkwe. Tumebanana bega kwa bega, na maji pande zote, huna pa kukimbilia.

Nikafanya ambacho mwanaume yeyote wa huku angefanya. Nikampa mgongo.

Matokeo yake safari nzima nilitazama moshi wa injini. Keremkerem, wale ndege wala nyuki, walikuwa wanapita juu yetu kwa makundi, walimu wanashangilia, mimi naangalia dumu la petroli. Chekeni tu, mna haki.

Tukafika. Korongo wamejaa kwenye mchanga wa kisiwa. Kila mtu anaonyesha kidole, na mama naye anaitikia, "Eeh, nzuri, nzuri."

Nikageuza shingo kidogo. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye mafunjo matupu.

Alikuwa anadanganya ili nisijisikie vibaya. Jamani, nilitamani kulia.

Candia akazima injini. Jua lilishapata nguvu, na ndege wakaanza kupanda wakizunguka. Akatuambia wakishafika juu vile, ndiyo wanaondoka, hawatui tena.

Nikaanza kumwelekeza kwa mdomo, bado nimempa mgongo, namchungulia juu ya bega. Mama, kushoto. Juu kidogo. Hapana, umepitiliza, rudi. Ungedhani naegesha lori la mihogo. Na ndege wanazidi kupanda.

Ndipo akasema polepole, "Mkwe, wacha heshima kwanza. Shika kichwa yangu, geuza pale iko ndege."

Candia ni mtu wa hukuhuku, alielewa. Akajifanya anakagua injini.

Nikageuka. Nikamshika kichwa juu ya kitambaa, nikamgeuza taratibu mpaka pembe ya lile jicho linaloona ikaelekea kwa ndege, nikamwinua kidevu.

Kichwa kikabaki palepale. Nikajua tumechelewa.

Halafu nikahisi kichwa kinaanza kusogea chenyewe mikononi mwangu. Kinazunguka polepole, kinafuata mzunguko wa ndege.

"Iko mingi," akasema. "Bado iko mingi."

Sikutoa mikono mpaka wa mwisho alipopotea. Wakati wa kurudi tulikula mihogo ya kuchemsha kutoka mfuko mmoja, mimi na mama mkwe, na sikuona aibu hata kidogo. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niipime na nini.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Baba zangu wadogo wa Logiri wameshaamua nipeleke mbuzi Midia kusafisha hilo jambo. Nitapeleka, na roho yangu nyeupe.

Nilichojifunza ni kwamba heshima yangu siku ile karibu imnyime mama kitu alichokuwa anakililia. Nitaendelea kula kwenye benchi langu, lakini nikiona mtu hapati anachotafuta, sitampa mgongo tena.

Mwenye mkwe hapa jukwaani, wewe ungefanyaje? Na huyo mbuzi mnamwonaje, ni haki au naonewa? Tiririkeni.

Mama mwenyewe nilimtumia ujumbe kupitia Kiden, nikamuuliza kama alikasirika. Jibu likaja jana: msimu ujao anataka twende tena, ila mkwe akate kucha.