Mama Amekubali Kulala Kwetu

Leo mama yangu amevua viatu kwa mkwewe!

Wajaluo wenzangu, tulieni. Kwetu mama halali nyumbani kwa mume wa bintiye, kwa hiyo akija Joburg hulala kwa shangazi, Fordsburg, na mjukuu humwona kwa saa chache tu.

Tangu tuhame fleti tuishi kwenye karavani, hakuwa ameiona. Niliogopa atalia.

Ameizunguka. Akapiga tairi teke.

“Hii inatembea?”

“Inavutwa na gari, Mama.”

“Basi si nyumba. Baba Achieng', lete mfuko wangu. Nalala hapa.”

Mume wangu nusura amwage chai.

Sasa Mama anakoroma mchana kweupe, Achieng' kifuani.

Mlioniuliza tuliachia nini fleti nzuri vile, jibu ndilo hilo linakoroma. Asante Mungu kwa magurudumu.

Mama zenu wangekubali?