Mama Mudogo, Mwimbaji wa Kashikishi

Mwezi uliopita nilirudi Nchelenge kumzika mpiga ngoma. Ukishuka basi pale baada ya kusafiri kutwa nzima kutoka Ndola, kinachokupokea kwanza si ziwa. Ni harufu ya chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani mpaka ufuo wote unang'aa kama bati jipya. Msiba wenyewe ulikuwa mdogo. Waliokuja walikuwa majirani, nao walimjua kama mzee mshona nyavu, mpole, asiyependa maneno. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mikono ile iliwahi kuchezesha soko zima la Kashikishi.

Mimi nilijua, maana alikuwa wa mwisho kati ya wanamuziki watatu. Wa kwanza kuondoka alikuwa Mama Mudogo, mdogo wake mama yangu, naye ndiye ninayetaka kukusimulia, rafiki yangu, kabla sijabaki peke yangu na habari zake.

Tulivuka ziwa kutoka Kongo mpaka Kashikishi wakati wa vita, mimi mgongoni mwake, na Kambo, nyanya yangu, akiwa ameshika sufuria kifuani kama mtu aliyeshika mtoto. Mama yangu alibaki kule, kaburini. Tulipata chumba cha udongo nyuma ya soko. Kambo aliloweka mihogo, akatwanga, akaanika unga juu ya gunia. Mama Mudogo alikaanga vitumbua asubuhi na kuvibeba sokoni kwenye beseni. Hata leo, mafuta ya moto yakilia katika karai, huwa namsikia akiimba juu yake kwa sauti ya chini, akigeuza kitumbua kimoja kimoja kwa kijiti.

Alianza kuimba kanisani. Walimpa kuongoza nyimbo kwa sababu sauti yake ilifika mpaka nje, kwa wale waliochelewa. Lakini sokoni alikuwapo mvuvi mmoja wa kabila la Wabemba, mwenye gitaa alilolitengeneza mwenyewe, nyuzi zake waya wa breki za baiskeli. Alimsikia akiita wateja wa vitumbua, akaanza kumfuata na gitaa lake kwa mzaha, yeye akaita, gitaa likajibu, watu wakaacha kununua samaki wakasimama. Mshona nyavu, Mkongo mwenzetu, akageuza ndoo akaipiga. Orkestra ikazaliwa hivyo, kati ya mafungu ya dagaa na nzi.

Jumamosi walipiga kwenye baa ya pale karibu na bandari ya mitumbwi. Sisi watoto tulisimama nje, tukichungulia kwenye nyufa za matete. Mama Mudogo alivaa gauni la kijani la mtumba, viatu akivibeba mkononi mpaka mlangoni ili mchanga usiviharibu. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao watu hawakukubali arudi nyumbani bila kuuimba. Mwanamke anamwambia mpenzi wake: "Unibebe pole-pole, miye hapana muzigo ya samaki." Wachuuzi waliotoka Chienge na Mununga walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakaondoka na wimbo huo. Ulisikika kwenye malori na kwenye kambi za wavuvi, ukiimbwa na watu ambao hawakuwahi kuiona sura yake.

Kanisani walimwondoa kwenye kwaya. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani kwetu kusema hivyo, akanywa maji tuliyompa, akaenda zake. Kambo hakupiga kelele. Alisema tu: "Nyimbo ya pombe isiingie mu nyumba yangu." Tangu siku hiyo Mama Mudogo alikuwa akifika mlangoni ananyamaza katikati ya neno. Na Jumamosi, upepo ulipoleta ngoma kutoka kwenye baa, Kambo alichukua mchi akatwanga. Nilichungulia mara moja ndani ya kinu. Hakikuwa na kitu. Alikuwa anatwanga kinu kitupu ili asimsikie mwanawe.

Ndivyo tulivyoishi, wawili wakipendana bila kusemezana vizuri, mimi katikati nikila bukari, ugali wetu wa mihogo, na sombe ya majani yake.

Kisha serikali ikafungua tena uvuvi. Unajua jinsi miezi ya kufungwa inavyokuwa huku, nyavu zimelala, watu wamekonda. Unapofunguliwa, kila kambi hufanya sherehe, na mwaka ule watu wa kisiwa cha Chisenga waliita orkestra. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limekunja uso. Kambo alikuwa amekaa chini anachagua samaki.

"Mama, ninaenda Chisenga. Tutarudi kesho," Mama Mudogo alisema.

"Na hii upepo?"

"Itatulia. Batu beko natungojea kule."

Kambo hakuinua macho. "Enda basi. Batu ya pombe basikukose."

Mama Mudogo alisimama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichosahau. Akaniwekea kitumbua mkononi, akaondoka, viatu vyake mkononi.

Mtumbwi ulikuwa umebeba kupita kiasi: magunia ya unga, kreti za bia, wachuuzi, spika kubwa na betri ya gari. Ulipinduka kabla ya kufika katikati ya njia. Wavuvi waliotoka kusaidia waliwarudisha wachache jioni, wakiwa wamefungwa blanketi. Mpiga gitaa alirudi mikono mitupu. Mpiga ngoma alikuja moja kwa moja kwetu, akapiga magoti mbele ya Kambo, akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kipande cha kitambaa cha kijani.

"Nilimushika, mama," alisema. "Nilimushika kwa nguo. Nguo ikapasuka."

Kambo alikichukua kile kitambaa, akakikamua maji, akakianika kwenye kamba pamoja na nguo nyingine. Sikumwona akilia.

Siku zilipita kabla ziwa halijamrudisha, kwenye matete, na hali ya mwili haikuruhusu kungoja. Mchungaji alikuja akaomba sala fupi. Kwaya haikuja. Mzee wa kanisa alisema kwaya haiimbii watu wa baa, na baadhi ya waimbaji walikuja wenyewe tu, bila sare zao, wakajificha nyuma ya watu. Basi tukasimama kaburini kimya. Wewe umezika watu, unajua: huku kwetu mtu hashuki chini kimya. Ulisikika mchanga tu ukianguka juu ya ubao.

Kambo akainua mkono, wachimbaji wakasimama.

"Mutoto wangu hatazikwa kama mbwa," alisema. "Mwenye kujua wimbo wake, aimbe."

"Wimbo gani, mama?" mchungaji akauliza.

"Ule wake. Miye siujui. Sikutaka kuujua."

Mpiga gitaa alifunika uso. Mpiga ngoma aligeuza ndoo iliyotumika kuleta maji, akaipiga polepole, na muuza samaki mmoja akaanza: unibebe pole-pole. Wakaingia wachuuzi wote, wakaingia wavuvi, wakaingia wale wanakwaya waliojificha, nao walijua kila neno. Uwanja mzima ulijua. Mtu mmoja tu alikuwa anausikia kwa mara ya kwanza, naye ndiye aliyemzaa. Alisimama kinywa wazi, akigeuka kumtazama huyu na yule, kana kwamba watu wote walikuwa wamemficha mwanawe.

Mpiga gitaa hakushika gitaa tena. Kifua kilimmaliza baada ya muda. Kambo aliniomba nimfundishe ule wimbo. Maneno aliyapata, lakini tuni iligeuka kila mara kuwa ya kanisani, akakasirika, akaniambia tuanze tena. Alikufa hajaupata.

Siku ya kumzika mpiga ngoma nilipita kwenye ile baa. Pamejengwa duka la simu. Hakuna aliyewahi kuwarekodi. Nani angefikiri kurekodi kitu kilichokuwepo kila Jumamosi? Waliouimba kwenye malori wamezeeka au wamekufa, na watoto wao wana nyimbo zao.

Niliporudi Ndola, binti yangu aliniuliza sauti ya Mama Mudogo ilikuwa namna gani. Nikaweka chini nilichokuwa nimeshika, nikafumba macho, nikajaribu kuuimba wimbo wake kama yeye. Ikatoka sauti yangu.