Kalweit wa Nyua za Watu

Bruno Kalweit hakujua kutulia. Miaka kumi na tisa alikereza vyuma kiwandani, hapa kwetu Moabit, Berlin. Kiwanda kilipompunguza kazini, mwishoni mwa mwaka 1931, miguu yake haikupata habari. Saa kumi na mbili asubuhi anashuka ngazi na kopo lake la chakula, jioni anarudi. Mkewe Alma alijua anatafuta kazi. Hata mimi jirani nilijua hivyo. Kumbe wapi!

Alikuwa anaimba nyuani mwa watu. Waimbaji hao walijaa mwaka ule: mtu anaingia uani, anavua kofia, anaimba, na watu wanamtupia kutoka madirishani sarafu ya pfenigi iliyofungwa kwenye karatasi isije ikabingirika. Alma hakuwataka kabisa. "Mijitu mizima inadonoa chini kama kuku," alisema mbele ya mumewe, mdomo umejaa mkate. Sasa mwanamume angeanzia wapi kumwambia? Akawa anavuka mji mpaka Wilmersdorf, kwa wenye pesa, ambako hakuna anayemjua.

Ila nguo za hao wenye pesa, nani anazifua? Sisi.

Alhamisi moja mimi na Alma tulikuwa chini kwenye chumba cha kufulia cha nyumba kubwa, mikono imechujuka kwa sabuni. Sauti ikaingia kwa kidirisha cha juu. Nzuri, lakini ya haraka, kama ya mtu anayekimbizwa. Alma akaacha shuka.

"Huyo Bruno."

"Acha wazimu, shoga."

"Miaka yote nalala naye, nisimjue?"

Tulipotoka, msimamizi wa nyumba alikwishamkaba ukosi. "Kuimba marufuku hapa! Umetoka wapi, mzururaji we?" Bruno alipomwona mkewe akageukia ukuta. Alma angenyamaza tu, kazi yake ingebaki. Nyumba zile hazitaki mfuaji mwenye ombaomba ukooni. Nikamfinya anyamaze. Akaupiga mkono wangu.

"Mwachie. Mume wangu huyo."

"Basi tokeni wote wawili, na usirudi tena!"

"Tunatoka. Shuka zako zimo pipani, kazisuuze mwenyewe."

Nilizisuuza mimi, nani mwingine. Wakati wa kurudi nikawakuta mtaa wa tatu, wanatoka ua mmoja kuingia mwingine: Bruno mbele, mbio vilevile, Alma nyuma na kofia mkononi, anafoka.

"Punguza mwendo, baba! Na fungua mdomo, nusu ya maneno unayameza!"